Mshale Niliouchora Kiangazi

Mwaka wangu wa pili chuoni Tabora tulipewa kazi niliyoiona nyepesi kuliko zote za muhula ule. Kila mmoja achague kitalu kimoja cha nyumba kisicho mbali na chuo, kilichozungukwa na barabara pande zote nne, akiangalie kwa wiki sita, kisha alete mchoro na maelezo. Mchoro uonyeshe majengo na matumizi yake, njia, mitaro, na mishale ya mahali maji ya mvua yanakoelekea. Ilikuwa mwisho wa Septemba, vumbi limetanda, miembe imeanza kubeba. Kitalu nilichokichagua kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hosteli, upande wa mji wa zamani. Mtaa siutaji jina, kwa kuwa habari nitakazosimulia ni za uani kwa watu.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na futi kamba, daftari, na picha ya setilaiti kwenye simu. Kufika saa tano nilikuwa nimemaliza. Viwanja kumi na viwili: tisa vya nyumba za Kiswahili za zamani, viwili vya maduka ya mtindo wa Uhindini, na kimoja cha pembeni chenye ghorofa jipya la sakafu tatu. Nyumba karibu zote vibaraza vyake vilikuwa vimevuka mstari wa kiwanja kuingia hifadhi ya barabara, nami nikavipaka penseli nyekundu kimoja baada ya kingine, kama tulivyofundishwa kuonyesha uvamizi. Nilijivunia usafi wa mchoro ule.

Mwalimu aliutazama, akauliza, "Ulikwenda saa ngapi?"

"Asubuhi, mwalimu."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanirudishia karatasi yangu, akamwita anayefuata.

Basi nikaanza kwenda saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, siku za kazi na Jumapili. Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba mchoro wangu ulionyesha mahali ambapo watu wanakaa kwa saa tatu kwa siku, basi. Mtaa wa mbele unakwenda kaskazini kusini, na kitalu changu kiko upande wa mashariki. Asubuhi nyumba zake zinamwaga kivuli barabarani, na maisha yote yako hapo: mama anayekaanga maandazi, muuza karanga, vijana wa bodaboda, fundi cherehani. Adhuhuri kivuli kinaisha, wa barabarani wanatawanyika. Baadaye jua likishainama wanaibuka tena, ila sasa wako ng'ambo ya pili. Fundi cherehani ndiye anayechelewa kuhama, kwa sababu yeye yuko chini ya paa la kibaraza. Hukaa mpaka saa tisa na ushee, halafu humwita kijana mmoja wa bodaboda, wakashika cherehani ile ya chuma huku na huku, wakavuka nayo barabara.

Nilimuuliza anajuaje muda umefika. Akanionyesha sakafu. Kwenye saruji ya kibaraza kulikuwa na vishimo vinne vidogo, vimechimbwa na miguu ya cherehani kwa miaka. Nilipovuka nikakuta vingine vinne upande wa pili, vipimo vilevile. "Jua likigusa miguu ya nyuma, dada, naondoka," alisema. Katika mchoro wangu wa kwanza nilikuwa nimeandika "cherehani" upande mmoja tu.

Kile kibaraza kilikuwa na upana wa futi sita, na ukingo wa paa uko futi saba kutoka sakafuni. Nilipiga hesabu nikaona kwa nini jua la alasiri haligusi ukuta mpaka saa tisa ipite. Lakini hesabu yenyewe ilinisumbua kwanza, maana nilidhani jua liko utosini saa sita kamili. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua hupita juu ya kichwa kabisa. Nilisimika kijiti uwanjani nikasubiri kivuli kitoweke. Saa sita kilikuwepo, kimelala kuelekea magharibi. Sita na robo kilikuwepo. Kilikuja kumezwa na kijiti chenyewe saa sita na nusu na dakika chache. Saa za Tanzania nzima zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali na pwani yetu; Tabora iko karibu nyuzi 33. Jua letu linachelewa kuliko saa ya ukutani, na ndiyo maana saa tisa ya Tabora ina ukali ambao mgeni wa kutoka Dar es Salaam hauelewi. Wajenzi wa nyumba zile hawakuwa na haja ya longitudo. Walijua tu kwamba nyumba inayotazama magharibi inataka kibaraza kipana, na waliupata upana wake.

Penseli nyekundu niliifuta. Sikuifuta kwa sababu naona hifadhi ya barabara haina maana. Nguzo za umeme, mabomba ya maji na gari la wagonjwa vyote vinahitaji mahali pa kupita. Niliifuta kwa sababu nilikuwa nimeita uvamizi kitu ambacho nilikuwa sijakitazama kinafanya kazi gani.

Kibaraza cha vishimo vinne ni cha bibi mmoja ambaye alizaliwa ndani ya nyumba ileile. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniongezea "mwangaluka" kwa Kinyamwezi kuona kama nitajibu. Nimekulia Nzega, nilijibu. Tangu hapo nikawa mjukuu, na kigoda changu kikawa kinatolewa kabla sijakaribia.

Nyumba yake ni ile ambayo Mtanzania yeyote anaweza kuichora akiwa amefumba macho: mlango wa katikati, korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko, bafu, choo na stoo. Vyumba vinne amepangisha, viwili anakaa mwenyewe na wajukuu. Mlango wa mbele ni wa mninga, umekuwa mweusi kwa mikono ya watu. Kuta ni za tofali bichi, lile la udongo lililokaushwa juani bila kuchomwa, na nje zimepakwa chokaa. Ukuta mmoja wa ubavuni mwanawe aliwahi kuupiga lipu ya saruji akidhani anamsaidia mama yake. Nilipoubonyeza kwa kidole ulitoa sauti ya kitu kitupu. Saruji haiachi unyevu utoke. Unyevu unabaki nyuma yake, udongo unalainika, na lipu inaachana na ukuta kipande kwa kipande. Chokaa inapumua. "Udongo haugombani na jua," bibi aliniambia, "unagombana na maji." Kwa hiyo kibaraza kina kazi ya pili: kinayaweka matone ya mvua futi sita mbali na ukuta.

Nilianza kuona umri wa kitalu kupitia vifaa vyake. Nje ya mji, Kwihara, lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872, na Stanley alikaa naye humo kabla ya kurudi pwani mwezi Machi. Nilikwenda Jumapili moja kulitazama kwa sababu ya kitalu changu tu. Matembe yale yalikuwa ya kuta nene za udongo na mapaa bapa ya miti iliyofunikwa udongo, kila kitu kimetoka hapohapo. Kilichotoka mbali kilikuja mabegani mwa wapagazi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, bati na saruji vikaanza kuja kwa mabehewa, na paa likabadilika umbo: likainuka, likawa na mteremko pande nne, likaweza kunyooshwa mbele kufunika kibaraza. Kuta zilibaki za udongo. Nyumba ya bibi ina mwili wa tembe na kichwa cha reli.

Yale maduka mawili yana historia nyingine. Juu ya moja kuna mwaka ulioandikwa kwa lipu, umepakwa rangi mara nyingi hata hausomeki. Wazee wa pale bado wanayaita "nyumba za Msajili", kwa kuwa mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuwa anayakaa yote, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lakini jina la Msajili limebaki mdomoni kwa watu. Mwenye duka la vyombo, ambaye ni mpangaji, alinionyesha nguzo za kibaraza chake: zinapangana na za jirani sawasawa, ili mtu atembee kivulini kutoka duka hadi duka bila kushuka barabarani.

Nyuma ya maduka kuna uchochoro mwembamba uliopenya kitalu mpaka katikati, wenye mfereji wa mawe ardhini. Niliudhani ni mabaki ya kugawa viwanja vibaya. Vichochoro vya namna ile viliachwa kwa makusudi enzi za ukoloni, ili matopasi wapite nyuma kutoa ndoo za vyoo bila kuonekana dukani, na bwana afya aweze kukagua. Ndoo ziliisha zamani. Uchochoro umebaki njia ya watoto wa shule na ya wanawake. Kila ua umetobolewa kilango kidogo kinachotazama huko, na mama anayetaka chumvi kwa mwenzake hahitaji kuvaa vizuri na kuzunguka barabarani mbele ya vijana wa bodaboda. Vilango vinafunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi. Kwenye ramani ya viwanja hakuna hata kimoja.

Ghorofa nalo nilitendee haki. Asubuhi linatoa kivuli kirefu kuliko nyumba zote, na vyumba vyake vya juu vinapata upepo. Ila halina kibaraza wala ukingo wa paa. Fremu zake za chini zinaishia kwenye vioo na vigae moja kwa moja, na mchana hakuna anayesimama mbele yake. Bati lake limefichwa ndani ya kuta, na maji yote ya paa lile yanashuka kwa bomba moja la plastiki lililoelekezwa uchochoroni. Lilikuwa limemalizwa mwezi Juni. Lilikuwa halijaonja mvua.

Siku moja katikati ya Oktoba bibi alinikuta nimepiga magoti uchochoroni napima upana wa mfereji. Akasimama kwenye kilango chake, ameshika khanga kifuani, akalitazama lile bomba.

"Mjukuu, wewe ndiye unayeyasoma haya. Mvua ikinyesha, maji ya huyu yatakwenda wapi?"

Niliangalia mfereji. Mawe yake yamepangwa vizuri, yanatoka ndani kuelekea barabarani; mtu yeyote angesema mjenzi wake alikusudia maji yaende huko. Nikamwambia, "Yatakwenda barabarani, bibi. Usiwe na wasiwasi." Alikuwa ameshazungumza na kijana amletee viroba vya mchanga aviweke mbele ya jiko. Alimwambia aache. Na usiku ule, hosteli, niliuchora mshale wa maji ukielekea barabarani, kwa wino.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga katikati ya Novemba, usiku. Tulilala tukiifurahia, joto la Oktoba lilikuwa limetuchosha wote. Asubuhi nilikwenda kitaluni kwa hamu ya kuona mishale yangu ikifanya kazi. Maembe machanga yalikuwa yametapakaa barabarani. Fundi cherehani hakuwa kibarazani. Nilipopita korido nikawakuta wapangaji wote wako uani, wanawake wamekunja khanga mpaka magotini, wanatoa tope kwa masufuria.

Ukuta wa nyuma wa jiko ulikuwa umelala chini. Tofali bichi likishanyonya maji ya kutosha halipasuki, linakuwa ugali. Mafiga, vyungu viwili na kuni za mwezi mzima zilikuwa chini ya ule uji mwekundu, pamoja na kuku aliyekuwa anaatamia pembeni. Jiwe la chini la ukuta lilikuwa na alama ya maji ya urefu wa shibiri. Hakuna mtu aliyeumia, kwa kuwa hakuna anayelala jikoni.

Bibi hakunifokea. Alinitazama akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu, "Ulisema yatakwenda barabarani."

Sikuwa na neno. Nilivua viatu nikachukua sufuria.

Mwalimu nilimweleza siku hiyohiyo, na nilimweleza yote, pamoja na viroba vya mchanga. Alikuja mwenyewe kesho yake na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na usawa wa maji hausemi uongo. Mimi nilishika ncha ya kwenye kilango cha bibi, mwalimu akashika ya mdomo wa uchochoro, barabarani. Mdomo ulikuwa juu kuliko kilango kwa inchi nne.

Sikuamini. Mfereji ulikuwa wazi kabisa unaelekea barabarani. Fundi aliyeitwa kujenga ukuta ndiye aliyetufungua macho, bila kukusudia. Alikuwa anachimba mbele ya nyumba apate mahali pa kuchanganyia udongo, jembe likagonga saruji. Akafuta mchanga kwa mkono. Ilikuwa ngazi. Akaendelea, akakuta nyingine chini yake. Kibaraza cha bibi, ambacho kwenye daftari langu nilikiandikia "ngazi moja", kilikuwa na ngazi tatu; mbili zilikuwa zimezikwa.

Bibi alizishangilia kama ndugu waliorudi safarini. "Hii ya chini ndiyo niliyokuwa nakalia kusubiri baba atoke sokoni," alisema. Tangu utoto wake barabara imekuwa ikimwagiwa kifusi, ikashindiliwa, ikamwagiwa kingine, kila mara inapanda kidogo, mpaka imepita juu ya kitalu ilichokuwa inakihudumia. Mfereji wa mawe ulikuwa umejengwa kwa barabara iliyokuwa futi moja chini ya hii ya leo. Mjenzi wake hakukosea. Na ushahidi wote ulikuwa mbele yangu wiki sita nzima: ngazi moja pekee mbele ya kibaraza kilichojengwa kirefu, vizingiti vya maduka vilivyo karibu na ardhi kupita kiasi, mlango mmoja wa stoo ambao chini umekatwa kwa msumeno ili ufunguke. Nilikuwa nimevipima vyote, nikaviandika kimoja kimoja, nisiulize kwa nini vimefupika kwa pamoja.

Mwenye ghorofa alikuja mara moja, akasema bomba lake liko ndani ya kiwanja chake, na ni kweli liko. Mwenyekiti wa mtaa aliwakalisha kibarazani kwa bibi alasiri mbili. Mwishowe mwenye ghorofa alikubali kuweka tangi la kukingia maji ya paa na kuchangia matofali, safari hii ya kuchoma, kwa mistari mitano ya chini. Sisi wanafunzi wanne tulisomba matofali kwa toroli Jumamosi mbili. Mchoro nilichora upya wote. Ngazi nilizichora tatu, mbili kwa mistari ya nukta.

Siku ukuta ulipofika usawa wa msingi, fundi aliacha mwiko akaniuliza tundu la kutolea maji aliweke wapi, kwa maana tangi nalo likijaa litafurika. Nilikuwa na daftari mkononi, na vipimo vya mpira vimo ndani. Nilimwomba asubiri nikachote maji.

Tulimwaga ndoo ya kwanza pale bomba linapoishia. Maji yalikwenda hatua tatu kuelekea barabarani, yakapunguza mwendo, yakasimama, yakajaa taratibu kwenye kibonde ambacho jicho halikioni. Kisha yakageuka. Yakabeba majani makavu ya mwembe, yakashika ubavu wa mawe, yakaja kwetu. Bibi alikuwa amesimama kwenye kilango na ndoo ya pili mkononi, anayafuata kwa macho.

"Weka alama hapo," alimwambia fundi, "hapo hapo yanapogeukia."